Nyusi za Bwana Ban

Bwana Ban Gyu-seok alikuwa naibu mkuu wa shule ya sekondari ya wasichana ya mji wetu, na ingawa alistaafu zamani, kiasi kwamba baadhi ya wasichana aliowafokea sasa wana wajukuu, hakuna anayethubutu kumwita jina jingine. Sokoni ni Naibu Mkuu. Benki ni Naibu Mkuu. Hata kwa daktari wa meno, akiwa ameachama na bomba limening'inia mdomoni, ni Naibu Mkuu. Mkuu mwenyewe, aliyekuwa juu yake miaka yote ile, ameshasahauliwa hadi jina. Mkuu hakuwa na hotuba. Naibu alikuwa nayo.

Hotuba hiyo aliitoa kila mwaka kwenye baridi, mara tu wasichana wa kidato cha mwisho walipomaliza mtihani wa kuingia chuo kikuu. Ndio wakati ambao kliniki za urembo za jiji la Daegu hujaa kuliko maduka ya vitabu. Mtoto amesoma mpaka amekonda, mzazi alishamwahidi zawadi, na zawadi kwetu ni kukatwa kope: daktari anashona mkunjo juu ya jicho, mahali ambapo maumbile hayakuona haja ya kuuweka, jicho linaonekana kubwa, na mtoto anaanza chuo na uso mpya. Bwana Ban alipanda jukwaani akasema kwamba mwili wa mtoto ni mali ya waliomzaa, na anayeupeleka kwa fundi ukarekebishwe anawaambia wazazi wake kwamba kazi yao ilikuwa mbovu. Alikuwa na jina lake kwa kope hizo, jina aliloliona tamu sana: macho ya dukani. Siku ya mahafali alisimama mlangoni akikagua nyuso, na aliyefika na kope zilizovimba alimwambia mbele ya mama yake, "Karibu, binti. Macho ya dukani yanakaa viti vya nyuma."

Wengi walikaa viti vya nyuma. Picha za mahafali za shule ile zina jambo la ajabu mpaka leo: wenye macho madogo wote wako mbele.

Mi-ryeong, binti yake wa pekee, alisoma palepale. Alipomaliza mtihani aliomba mara moja tu, wakiwa mezani, kwa sauti ya chini. Baba yake alimjibu kwa hotuba nzima, tangu salamu kwa wageni waalikwa hadi hitimisho, ingawa mgeni mwalikwa hakuwepo. Mi-ryeong hakuomba tena. Alinunua utepe mwembamba wa gundi, ule wa kubandika kope asubuhi na kuubandua jioni, akaajiriwa nao, akaolewa nao, na sasa ni mwanamke wa makamo huko Daegu, bado anabandika. Naibu Mkuu huwaambia watu kwamba binti yake ni wa asili.

Sifa hii ndiyo iliyompeleka Nyumba ya Konfusio, lile jengo la kale lililo nyuma ya ofisi ya posta, ambako wazee wa mji wetu huvaa majoho mara mbili kwa mwaka, masika na vuli, wakamtolea mhenga huyo wa kale pombe ya mchele na nguruwe mzima. Kazi nyingine ya Nyumba ni kuwafundisha watoto kuinama vizuri wakati wa likizo. Mkuu wa Nyumba hana mshahara, hana gari, hana hata ofisi yenye kipasha joto kinachofanya kazi. Ana kiti cha mbele, na wazee wa mji wetu wako tayari kufa kwa ajili ya kiti hicho, jambo ambalo kwa umri wao si ahadi kubwa.

Mzee Gwak, mwenye kiti, alikuwa ametangaza kwamba ibada ya vuli itakuwa yake ya mwisho. Mrithi angechaguliwa palepale jamvini baada ya chakula, kwa desturi ya Nyumba: jina linatajwa, na kama hakuna mwenye neno, limepita. Majina yalikuwa mawili. Kulikuwa na Bwana Ban, na kulikuwa na Bwana Eo Jae-pil, mfamasia mstaafu, mtu mcheshi, msomaji hodari wa maandishi ya kale, mwenye kasoro moja tu: nywele zake zilikuwa nyeusi kama lami katika umri ambao nywele hazina sababu ya kuwa hivyo.

"Mimi simsemi mtu," Bwana Ban alikuwa akimwambia kila aliyemkuta kwa kinyozi. "Lakini anayekidanganya kioo atamwambia nini mhenga?"

Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yake, na hakuwa na nyingine. Bwana Eo alijua zaidi, alisoma vizuri zaidi, na watu walimpenda. Bwana Ban alikuwa mtu ambaye hakuna kilichoguswa mwilini mwake.

Basi kope zake zikaanza kushuka.

Zilishuka polepole, kama mlango wa chuma wa duka unaofungwa na mtu mvivu, mpaka ngozi ikalalia kope za chini na dunia ikabaki ufa. Ili amwone mtu, ilimbidi ainue kidevu na kumtazama kwa chini ya ngozi yake mwenyewe. Kwa muda mrefu hakuna aliyegundua, kwa sababu tangu tumjue Naibu Mkuu hutazama watu hivyo.

Lakini katika ibada kidevu hakiinuliwi. Mbele ya mhenga mtu hutembea kichwa kimeinama, hatua ndogo, akifuata pindo la joho la aliye mbele. Katika ibada ya masika Bwana Ban aliinamisha kichwa na dunia ikafungwa. Alilifuata pindo kwa kubahatisha, akalikanyaga, na Mzee Gwak, aliyekuwa ndani ya joho hilo, nusura amkumbatie nguruwe.

"Naibu Mkuu ana kipaji," Bwana Eo alisema walipokuwa wakivaa viatu. "Mimi nasinzia nikikaa tu. Yeye anasinzia akitembea."

Mzee Gwak hakucheka. "Atakayekalia kiti changu atamimina pombe kichwa kikiwa chini," alisema. "Kikombe ni kidogo. Lazima kionekane."

Hapo Bwana Ban akajikuta pabaya. Bila macho hapati kiti. Macho hayapatikani bila kisu. Na siku wazee watakapojua kuhusu kisu, hoja yake imekwisha, na anabaki mzee wa kawaida anayejua kuinama.

Mkewe, Deok-im, aliliona jambo hilo kuwa jepesi kuliko alivyoliona mwenyewe.

"Baba Mi-ryeong, nenda ukakatwe kope."

"Nani kasema habari za kope?"

"Kijiti chako cha kulia. Kinatafuta kabichi ya kimchi kwenye bakuli la chumvi."

"Taa ya hapa ni hafifu."

"Ni saa sita mchana, mume wangu."

"Mimi na macho ya dukani? Nitapita wapi? Kila mwanamke wa mji huu nimemweka nyuma."

"Basi nenda ukakae nao. Wana mazungumzo mazuri."

Walikwenda Daegu kwa treni, yeye kajificha nyuma ya barakoa na kofia ya wavuvi, kama mtu anayekwenda kuiba samaki. Kliniki ilikuwa ghorofa ya juu, ina maua ya plastiki na kahawa ya bure, na mshauri wa wateja, msichana wa sauti ya asali, akampokea kwa mikono miwili.

"Baba, karibu sana Baba. Macho yanasumbua, Baba?"

Bwana Ban, ambaye kwa nusu ya maisha yake hakuitwa Baba na mtu yeyote ambaye hakumzaa, alishangaa kusikia kwamba kumbe hapa yeye si Naibu Mkuu. Alikaa.

Daktari alikuwa kijana mwenye haraka. Alimpa kioo cha mkononi, akamwambia afumbe macho, alegeze paji la uso, kisha afumbue. Akambonyeza nyusi kwa kidole gumba. Akaziinua. Akaziachia.

"Njia ni mbili, Baba. Kwanza, nikate ngozi iliyozidi kwenye kope. Kazi fupi. Unakuja asubuhi, unarudi na miwani ya jua. Kwa macho haya ningeshauri hiyo. Nyusi zitashuka kidogo, maana umezoea kuzibeba ili uone, na utaonekana mkali."

"Hilo si geni," alisema Deok-im.

"Na mkunjo?" Bwana Ban aliuliza.

"Utakuwepo. Mzuri tu."

"Kama wa wasichana?"

"Ukitaka hivyo, Baba, inawezekana."

Deok-im alikohoa kwa muda mrefu. Bwana Ban akauliza njia ya pili.

"Ya pili, tuvute nyusi zenyewe juu pamoja na paji la uso. Kope zinafuata zenyewe, jicho linafunguka, mkunjo hakuna. Ila ni kazi kubwa zaidi, ganzi ya kichwani inakaa miezi, na kovu linapita mpakani mwa nywele. Kwa wenye nywele halionekani." Daktari alimtazama juu ya kichwa kwa heshima. "Kwako, Baba, mpaka umehamia mbali kidogo."

Mtu mwingine angechagua kope na kwenda nyumbani. Bwana Ban alikaa na kioo mkononi akifikiria ule mkanda wa singa za farasi ambao wazee huufunga kichwani kwenye ibada, chini ya kofia, mpana wa vidole vitatu, unaopita palepale ambapo kovu lingepita. Ibada nzima lingefichwa na vazi la wahenga wenyewe. Siku za kawaida kuna kofia ya wavuvi. Na kope zingebaki zake, hazikuguswa, hazina mkunjo, mtu yeyote aje azikague.

"Vuta nyusi," alisema.

"Baba, nasema tena, kwa kuona tu, kope zinatosha."

"Nimesema nyusi."

Kwenye ngazi Deok-im alisimama.

"Kope kazi fupi, umekataa. Umechagua kukatwa kichwa."

"Nyusi si macho. Sijawahi kusema neno lolote juu ya nyusi. Tafuta hotuba zangu zote."

"Na hilo paji, ulizaliwa nalo au uliliokota njiani?"

"Paji halikuwemo kwenye hotuba," alisema Naibu Mkuu, na alisema kweli.

Mji mzima uliambiwa amekwenda pwani kwa binamu yake kuvua. Alikuwa kwa Mi-ryeong, chumba cha nyuma, mapazia yamefungwa, kichwa kimefungwa bandeji, uso umevimba na kugeuka rangi ya bilinganya. Aliagiza barafu. Aliagiza uji wa mchele usio na chumvi, kisha akalalamika hauna chumvi. Asubuhi Mi-ryeong alikaa mbele ya kioo cha ukumbini akibandika utepe wake kabla ya kwenda kazini, na baba yake akamwona kupitia mlango uliokuwa wazi, kwa mara ya kwanza vizuri baada ya muda mrefu.

"Bado unaweka vitu hivyo?"

"Ndiyo, baba."

"Ngozi yako imekuwa nyekundu."

"Ndiyo, baba."

"Mimi yangu ni matibabu. Nilikuwa sioni."

"Najua, baba. Na mimi kulikuwa na watu waliokuwa hawanioni." Akachukua mkoba. "Barafu nyingine iko kwenye jokofu, droo ya chini."

Bwana Ban aliamua kwamba lile halikuwa jibu kwa chochote, akalala.

Siku ya ibada ya vuli jua lilikuwa kali. Wazee walijipanga uani wakifungana mikanda, kila mmoja akimkaza mwenzake kamba kisogoni, kwa sababu mkanda wa singa usipokazwa hutelemka, na ukikazwa hubeba paji zima. Hili kila mzee wa Nyumba analijua na hakuna anayelisema. Wanaingia pale wakiwa wazee walionyauka, kamba zinavutwa, ngozi inapanda, pembe za macho zinapanda, na baada ya muda mfupi uani wanasimama majenerali. Wake zao huja kupiga picha saa hiyo hasa. Bwana Ban alijifunga mwenyewe, kwa kisingizio kwamba mkono wake ni mwepesi kuliko wa wenzake, akasimama kati yao, na hakuwa tofauti na yeyote.

Nayo ibada ilikwenda vizuri. Aliinamisha kichwa na dunia ikabaki wazi. Aliliona pindo, akaliona jamvi, akakiona kikombe kidogo na akakijaza bila tone kumwagika. Mzee Gwak alitikisa kichwa kwa kuridhika. Bwana Eo aliona kikombe, akaona kile kichwa kilivyotikiswa, akajua kiti kinamponyoka.

Bwana Ban alikuwa amepanga kila kitu mpaka mwisho wa ibada. Alichosahau ni kwamba baada ya ibada kuna chakula, jambo ambalo hata mbwa wa posta hawalisahau.

Waliketi jamvini. Nguruwe alikuwa ameshachemshwa na kukatwakatwa, mikate ya mchele imepangwa, birika la pombe linazunguka. Mzee Gwak, ambaye mkanda humuumiza kichwa, akafungua kamba zake kama kawaida na kuutupa pembeni.

"Vueni, vueni, jamani. Mhenga ameshakula. Sasa sisi."

Mikanda ikavuliwa. Mapaji yakaanza kushuka. Si jambo la haraka. Kwanza nyusi hutetemeka kidogo, kama zisizoamini kwamba zimeachwa huru. Kisha zinateremka, ngozi inafuata, pembe za macho zinalegea, na jenerali mmoja baada ya mwingine anarudi kuwa babu wa mtu. Kabla birika halijamaliza mzunguko wa kwanza, jamvi lote lilikuwa limenyauka.

Isipokuwa sehemu moja. Bwana Ban alikuwa wa mwisho kuvua mkanda, baada ya kutazamwa mara mbili, na nyusi zake zikabaki zilipokuwa. Kila mzee alikuwa na mstari mwekundu wa mkanda pajini. Mistari yao ilififia. Wake haukufifia.

Bwana Eo aliweka chini bakuli lake.

"Naibu Mkuu. Uso wako umebaki juu."

"Kula, Bwana Eo. Supu inapoa."

"Wetu umeshashuka. Nimeusubiri wako, naona hauji."

"Nilikaza sana."

"Mkanda uko pale chini, Naibu Mkuu. Umeukalia."

Mzee mmoja akacheka puani. Bwana Ban akasema ni matibabu, daktari wa macho ndiye aliyeagiza.

"Daktari wa macho," alisema Bwana Eo, akijigusa utosini. "Huku ndiko siku hizi macho yanakokaa? Na mke wangu je, yule uliyemweka kiti cha nyuma siku ya mahafali ya mdogo wake, kwa sababu alikuja na miwani ya jua? Macho ya dukani tunayajua. Hili lako tuliiteje, paji la jumla au la rejareja?"

Sasa walicheka wengi, na Mzee Gwak hakuwanyamazisha. Bwana Ban alipenda majibu maishani mwake yawe yameandaliwa, na hili hakuliandaa. Basi akafanya kitu pekee alichokuwa nacho: akawatazama.

Aliwatazama mmoja mmoja, bila kuinua kidevu, kwa macho mawili yaliyofunguka vizuri. Kwa miaka kadhaa alikuwa amewaona wenzake kama vivuli vyenye sauti. Leo aliwaona. Aliziona nywele za Bwana Eo, na chini yake ngozi ya kichwa iliyochafuka wino kama shuka ya hotelini. Alimwona aliyecheka puani, mwenye meno meupe kuliko sahani. Alimwona mwingine aliyekuwa ameinama juu ya supu, na juu ya kila jicho lake, nadhifu kabisa, kuna mkunjo. Akamfikia Mzee Gwak. Nyusi za Mzee Gwak, alizozitazama kwa heshima ibada baada ya ibada, hazikuwa na unywele hata mmoja. Zilikuwa zimechorwa kwa sindano, na wino umegeuka kijani, kama mhuri wa afya kwenye paja la ng'ombe.

Alizitazama tu zile nyusi, na nyusi zake mwenyewe zikiwa zimepandishwa vile, alionekana kama mtu anayengoja maelezo.

Kicheko kikaisha upande mmoja wa jamvi, kikaisha na upande wa pili. Mwenye meno alifunga mdomo. Bwana Eo akagundua kwamba ana hamu ya mkate wa mchele.

"Matibabu ni matibabu," alisema Mzee Gwak, akijipangusa paji kwa leso na kuiacha leso palepale. "Mtu amemimina pombe vizuri. Kikombe kimeonekana. Natoa jina la Ban Gyu-seok. Kuna mwenye neno?"

Hakuna aliyekuwa na neno. Jina likapita, na likaandikwa kwenye ubao wa mbao pale mlangoni, na hivyo ndivyo Nyumba yetu ilivyopata mkuu wake, kwa kauli moja, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Siku iliyofuata Mkuu wa Nyumba aliamka akiwa na hotuba mpya kichwani, sehemu ile isiyokuwa na ganzi. Alimkuta Deok-im ukumbini amevaa koti la safari, na Mi-ryeong, aliyekuja kumchukua, yuko mlangoni, gari linanguruma. Mi-ryeong hakuwa na utepe machoni.

"Mnakwenda wapi?"

"Daegu," alisema Deok-im.

"Kufanya nini?"

"Matibabu."

"Matibabu ya nini? Nyie mnaona vizuri."

"Mimi kukatwa kope, ile kazi fupi. Mi-ryeong anataka mkunjo. Daktari amesema tukija wawili anatushughulikia siku moja."

Bwana Ban alivuta pumzi. Hotuba yake siku zote ilianza kwa kupandisha nyusi, halafu kimya kidogo, ili ukumbi utulie, halafu salamu. Alizipandisha. Zilikuwa juu tayari, hazikuwa na pa kwenda. Kimya kikawepo, kikarefuka, na wanawake wawili wakakingoja kwa adabu.

"Tumechelewa, mama," alisema Mi-ryeong.

"Twende. Wali uko kwenye chungu cha umeme, Baba Mi-ryeong. Mboga umewekewa kwenye bakuli la bluu." Deok-im alivaa kiatu cha pili. "La bluu ndilo lililoko kushoto. Utaliona."